Moto Usiharakishwe: Maneno kwa Wafinyanzi wa Katito



Nimeulizwa kuhusu mashine zinazochapa vyombo vya kauri tabaka juu ya tabaka, kisha vikachomwa kwa mawimbi kama ya maikrowevu ya kupashia chakula. Zipo. Mawimbi hayo huzua joto ndani ya kauri yenyewe, na kazi ya saa nyingi huweza kwisha kwa dakika. Lakini hata huko, gundi iliyoshika unga hutolewa kwanza, polepole. Ukiharakisha, chombo kinapasuka.

Si ndivyo tunavyopoteza vyungu na kauri za jiko la Upesi? Maji yaliyobaki kwenye udongo hugeuka mvuke, yakatafuta njia kwa nguvu. Tena, kauri inapopoa na kupita nyuzi 573, chembe za mchanga hujikunja ghafla. Ukifukua jivu mapema, nyufa. Mama amefinyanga wiki nzima, asubuhi anaokota vigae. Hiyo ilikuwa karo.

Basi mvua hizi, anikeni kivulini, mgeuze mara kwa mara. Gusisha chungu shavuni: kikiwa bado baridi, maji yamo. Kisipokuwa baridi, anza na moto mdogo, na jivu lisiguswe mpaka mkono ulivumilie.