Ukoko Nyuma ya Valvu: Kinachoziponza Injini za D4

Mnunuzi wa gari lililotumika kutoka Japani, awe Dar es Salaam au Mombasa, hufungua boneti na kutafuta herufi moja na tarakimu moja: D-4. Akiziona kwenye kifuniko cha injini ya Noah, Voxy au Premio ya lita 2, huanza kusita, na fundi aliyeongozana naye huwa ameshatikisa kichwa. Gari la D4 linasumbua, basi. Linasumbuliwa na nini hasa, ni wachache wanaoeleza, na mada hii inaanzia hapo.

Katika injini ya kawaida ya EFI, nozeli hupulizia petroli kwenye njia ya hewa, nyuma ya valvu. Petroli hiyo ina viambato vya kusafishia, na kila inapopita huuosha mgongo wa valvu. Mwaka 1996 Mitsubishi ilileta mfumo wake wa GDI kwenye Galant, na Toyota ikaja na D-4 yake. Nozeli ikahamishiwa ndani ya silinda. Shinikizo la mafuta likapanda kutoka takriban PSI 45 hadi karibu PSI 700 katika GDI ile ya kwanza, na baadhi ya injini za leo hufika PSI 5,000. Faida yake ni ya kweli: petroli ikigeuka mvuke ndani ya silinda hupoza hewa, injini hustahimili mgandamizo mkubwa zaidi, na mafuta yanakwenda mbali.

Ila valvu imekosa wa kuiosha.

Mvuke wa oili unaotoka tumboni mwa injini hurudishwa kwenye njia ya hewa ili ukachomwe badala ya kuchafua anga. Kwa njia ya EGR, sehemu ya moshi wa ekzosi hurudi pia. Oili na masizi vinakutana juu ya chuma cha moto, vinaganda, vinakauka. Fundi akiing'oa manifoldi ya hewa na kumulika ndani kwa tochi, hukuta ukoko mweusi, mgumu kama wa sufuria ya wali iliyosahaulika mekoni, umeikaba shingo ya valvu. Ndiyo maana gari hutetemeka likiwashwa asubuhi, linamisi, linachoka mlimani, na taa ya injini inawaka.

Hapo ndipo fedha za watu hupotea. Chupa za dawa zinazomiminwa kwenye tangi husaidia nozeli, na nozeli za D4 kweli zinahitaji usafi, lakini dawa hiyo haifiki kabisa nyuma ya valvu. Muuzaji anayeahidi kuondoa ukoko huo kwa chupa ya kwenye tangi anamdanganya mteja.

Dawa ni kufungua. Manifoldi hutolewa, injini huzungushwa kwa mkono mpaka valvu za silinda husika zifunge kabisa, kisha maganda ya walnati yaliyosagwa hupulizwa kwa upepo wa kompresa huku mashine ikivuta uchafu. Maganda hayo yanakwangua kaboni bila kuumiza chuma. Gereji za BMW zimeyatumia sana. Pasipo na mashine, fundi huloweka kwa kemikali na kukwangua taratibu. Asiyehakikisha kwanza kwamba valvu zimefunga huangusha mabonge ya kaboni ndani ya silinda, na hapo ameleta ugonjwa mkubwa kuliko aliokuja kuutibu.

Lawama zisiishie kwa Toyota. Audi na Volkswagen za FSI, nazo zenye nozeli ndani ya silinda, zimeugua vivyo hivyo. Toyota yenyewe ilikuja na jibu mwaka 2005 kwa D-4S, yenye nozeli mbili kwa kila silinda: moja ndani, nyingine kwenye njia ya hewa. Valvu ikaanza kuoshwa tena.

Kwa mwenye D4 ya zamani, kinachobaki ni oili ya kiwango kilichoelekezwa na mtengenezaji, kubadilishwa kwa wakati, na valvu ya PCV, ile inayopitisha mvuke wa oili kurudi kwenye njia ya hewa, kukaguliwa. Anayekwenda kununua na aguse boneti kabla injini haijawashwa. Akiikuta ina moto, muuzaji amekwisha kuipasha. Na arudi kesho alfajiri, aisikilize ikiamka ya baridi.