Mtoto Naye ni Mtu: Malezi ya Kujitegemea katika Shule Zetu za Chekechea



Tumekutana kutafakari haki ya mtu ambaye hapigi kura, haendi mahakamani wala haandiki barua gazetini. Huyo ni mtoto mdogo, tangu anapoanza kutembea hadi anapofika darasa la pili au la tatu. Tunapotaja haki na amani, mara moja tunafikiria ardhi, mishahara na uchaguzi. Mambo hayo ni mazito. Hata hivyo, mtu huonja haki au uonevu kabla hajajua kusoma, na ladha hiyo hukaa naye hadi uzeeni.

1. Chanzo chake ni kwa maskini

Siku hizi neno Montessori huonekana kwenye mabango ya shule za mijini, nyingi zikiwa za ada kubwa, hata baadhi yetu tumeamini kuwa haya ni malezi ya wenye nacho. Historia yasema vingine. Maria Montessori, Mkatoliki wa Italia, alizaliwa mwaka 1870 na kuhitimu udaktari huko Roma mwaka 1896. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua Nyumba ya Watoto ya kwanza katika San Lorenzo, mtaa wa vibarua jijini Roma. Wazazi walipokwenda kazini, watoto wapatao 50 walibaki wakizurura ngazini na kuharibu kuta. Wenye majengo wakaona ni nafuu kumlipa mlezi kuliko kukarabati kila mara.

Lengo la kwanza, basi, lilikuwa kulinda kuta. Daktari huyo ndiye aliyeligeuza likawa kuwalinda watoto. Wazazi hawakutozwa ada. Walitakiwa kuwaleta watoto wakiwa safi, kumheshimu mlezi, na kuonana naye kila juma kuzungumza juu ya mtoto. Ndugu zangu, masharti hayo hayamshindi mzazi yeyote wa parokia hii.

2. Heshima hutangulia herufi

Montessori alisimulia kwamba siku moja aliwafundisha watoto jinsi ya kupenga kamasi kwa kitambaa, taratibu na bila kelele. Alidhani watacheka. Hawakucheka, walitazama kwa makini, na alipomaliza wakampigia makofi. Akatambua sababu yake: watoto wale walikuwa wamekaripiwa na kuaibishwa kila siku kwa ajili ya pua zao, lakini hakuna mtu aliyewahi kukaa nao akawaonyesha namna ya kujisafisha.

Tuyaangalie ya nyumbani kwetu. Ni mara ngapi mtoto huitwa mchafu, mzembe au mjinga kwa jambo ambalo hakuna aliyemfundisha? Kumwadhibu mtu kwa kutojua jambo ambalo hukumfundisha ni udhalimu, hata kama mtu huyo ana miaka minne tu.

3. Namna malezi haya yanavyofanyika

Katika darasa la namna hii, watoto wa miaka mitatu hadi sita hukaa pamoja. Baadaye huja kundi la miaka sita hadi tisa. Mdogo humtazama mkubwa, na mkubwa humsaidia mdogo, kama ilivyo katika familia. Kazi za kwanza ni za maisha ya kila siku: kufagia, kumimina maji bila kuyamwaga, kufunga vifungo, kuosha kikombe. Kisha huja vifaa vya kuzoeza macho na vidole. Kuna kipande cha mbao chenye matundu ya kupachikia vigingi vya unene mbalimbali. Mtoto akikosea, kigingi cha mwisho hakiingii. Hugundua kosa mwenyewe na kulisahihisha, bila kuchekwa wala kuchapwa. Herufi hukatwa katika msasa, naye huzifuatisha kwa vidole huku akitamka sauti zake.

Mwalimu hasimami ubaoni akiimbisha watoto wote kwa pamoja. Huonyesha, kisha hukaa kando na kuangalia. La hasha, hii si kuwaacha watoto wafanye wapendavyo! Mtoto huchagua kazi, huimaliza, na hurudisha kifaa mahali pake ili mwenzake akikute. Uhuru na wajibu huenda pamoja.

4. Kujitegemea na amani

Sisi Watanzania hatukulisikia neno kujitegemea kwa mara ya kwanza kutoka Ulaya. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule zijenge watu wenye akili ya kudadisi, si wa kukariri tu. Huwezi kuanza kumjenga mtu wa namna hiyo akiwa kidato cha tatu, ilhali miaka yake yote ya mwanzo alifundishwa kunyamaza.

Watawala wa mabavu wanalijua hilo. Serikali ya Mussolini iliziunga mkono shule za Montessori kwa muda, kisha wakatofautiana, naye akaondoka Italia mwaka 1934. Aliyezoea kufikiri si rahisi kumwongoza kwa amri na gwaride.

5. Hofu ya wazazi

Wazazi hutuuliza: mbona daftari la mtoto ni tupu? Tunajibu kwamba kule San Lorenzo watoto wa miaka minne na mitano walianza kuandika, kwa sababu mikono yao ilikuwa imetayarishwa kwanza. Lakini ipo hofu nyingine iliyo halali: mtoto aliyezoea kuuliza atafanyaje akifika darasa la kwanza lililojaa, ambamo fimbo ndiyo inayojibu? Hofu hiyo haiondolewi kwa kumzoesha fimbo mapema. Huondolewa kwa wazazi kuingia katika kamati za shule na kusema. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na mkataba huo wataka elimu ikuze utu na vipaji vya mtoto.

6. Yatupasa kufanya nini?

Kwanza, chekechea ya parokia isiwe mradi wa kujaza sanduku. Mtoto wa mjane apate nafasi. Pili, tumsomeshe mlezi wetu; vyuo vya Montessori vinavyoandaa walimu vipo humu nchini, kama kile cha Msimbazi. Tatu, seremala wa kigango aweza kuchonga vifaa, na akina mama waweza kuleta mbegu, vibuyu na vikapu. Nne, fimbo itoke darasani mwa watoto wadogo.

Kristo alipomweka mtoto katikati ya mitume, walikuwa wakibishana ni nani aliye mkubwa. Nasi tumweke katikati.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika mtaa wetu, ni watoto gani wanaobaki bila mlezi mchana, na kwa nini?
2. Ni kazi gani tunamfanyia mtoto ambayo aweza kuifanya mwenyewe?
3. Nani kati yetu ataisemea haki ya mtoto katika kamati ya shule?