Kompyuta Zifike Nyumbani Zikiwa Tayari



Sisi wa kamati ya fedha tumeulizwa kwa nini bajeti ya kompyuta za sekondari yetu ina fungu la "leseni na maandalizi". Je, fedha hizo zisingeongeza mashine mbili tatu?

Ndugu zetu, kompyuta ni kama pikipiki. Unainunua mara moja, lakini bima unailipia kila mwaka. Programu nyingi siku hizi hulipiwa ada ya mwaka, na ada ikikoma kazi nayo hukwama. Kwa hiyo tunaomba mambo matatu yakamilike huku mjini kabla mashine hata moja haijasajiliwa.

Kwanza, akaunti ifunguliwe kwa jina la shule, si kwa barua pepe ya mwalimu mmoja. Mwalimu akihamishwa, akaunti ibaki.

Pili, muuzaji atupe namba za utambulisho za mashine zote, tuzipangie mapema programu na mipangilio yake. Microsoft wana huduma ya namna hiyo, Autopilot. Kwa mifumo ya Red Hat hutengenezwa ufunguo wa usajili kabla mashine haijawashwa. Mashine iliyoandaliwa kwa Autopilot ikiunganishwa na intaneti mara ya kwanza, hutambuliwa na kupokea ilichopangiwa. Hakuna haja ya kutumiana nywila kwa simu.

Tatu, kuandaa mapema si kulipa mapema. Mara nyingi ada huanza kuhesabiwa siku ya kununua, si siku ya kuwasha. Tukilipa Januari na chumba cha kompyuta kikapata umeme Juni, karibu nusu ya mwaka imeliwa bure. Orodha iwe tayari sasa. Malipo yafuate chumba kikishakaguliwa.

Pale ambapo programu ya bure inatosha, tuitumie. LibreOffice haina ada, na inaandika barua na kupiga hesabu za majedwali vizuri tu.

Basi tunapochanga leo, tusihesabu bei ya dukani peke yake. Kila kompyuta tuiwekee na ada yake ya miaka mitatu. Ni afadhali watoto wetu wapate kompyuta 10 zinazofanya kazi kuliko 15 zilizofunikwa vitambaa.

Ahadi na michango ipokelewe na mweka hazina, na kila mchangiaji adai stakabadhi yake.