Daftari la Kila Siku kwa Watu wa Garissa



Wazee wa Kisomali hawakungoja kalamu ndipo wakumbuke miaka. Mwaka mzito uliitwa kwa jina la jambo lililotokea, na mzee aliyeyaona mafuriko ya 1961 aweza kuyaeleza kana kwamba ni ya jana. Walakini kumbukumbu ya namna hiyo hushika makubwa na kuyaacha madogo yapite, na mara nyingi madogo ndiyo yamtiayo mtu hasara.

Mtazameni mkulima mwenye migomba na matikiti kandokando ya mto Tana. Mabwawa ya juu, kama lile la Masinga lililokamilika 1981, yakifurika, redio hutangaza. Je, maji hufika shambani mwake baada ya siku ngapi? Wengi hubahatisha. Mmoja huihamisha pampu mapema mno, matikiti yakaungua kwa kiu. Mwingine hungoja mpaka pampu imezama. Lakini yule aliyeandika siku ya tangazo, na siku maji yalipofika kwenye mwembe wake, mwezi wa Novemba 2023 na tena Aprili 2024, huyo ana hesabu yake mwenyewe, ingawa mto haurudii mwendo wake sawasawa.

Mfugaji naye yamhusu. Tangu mwisho wa 2020 hata 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo. Wengi walipeleka ng'ombe sokoni wakati wamekwisha konda, kwa kuwa bei ilishuka kidogo kidogo, na kidogo kidogo haionekani ila imeandikwa.

Kuandika kwenyewe si kazi ya wasomi. Daftari la shule latosha. Saa iwe ile ile kila siku. Baada ya sala ya isha yafaa, kwa kuwa pilikapilika zimekwisha. Iandikwe tarehe, kisha mistari mitatu tu: mvua au mto, mifugo au shamba, fedha iliyotoka na aliyeichukua. Ajazaye kurasa mbili siku ya kwanza, kwa kawaida wiki ya pili ameliacha. Siku iliyosahauliwa iachwe wazi. Kuijaza kwa kukisia ni kulitia daftari uongo, na daftari la uongo ni heri likawashie moto. Asiyejua kuandika amsomee mtoto wake maneno, mtoto aandike.

Nalo daftari lihifadhiwe ndani ya mkebe wa bati wenye kifuniko, juu, mahali ambapo maji ya 2024 hayakufika.