Mambo ya Nje Barazani

Baraza la mambo ya nje ni mkutano wa hadhara ambapo msemaji mwenye ujuzi hueleza mkataba, vita au biashara ya mataifa, kisha wananchi humuuliza maswali. Nchini Kenya lina msingi wa kisheria: Kifungu cha 2(6) cha Katiba ya 2010 kinaufanya mkataba ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria za nchi, na Kifungu cha 10 kinadai ushirikishwaji wa wananchi.

Katika kaunti ya Taita Taveta, mpakani na Tanzania, mambo ya nje yako mlangoni. Mwaka 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Wajerumani yaliiteka Taveta. Februari 1916 majeshi ya Uingereza yalishindwa kwenye kilima cha Salaita, na reli ya kutoka Voi ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo. Leo mpaka uo huo una kituo cha pamoja cha forodha cha Taveta na Holili. Mama anayevusha maharagwe yaliyolimwa Afrika Mashariki, yenye thamani isiyozidi dola 2,000, anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa na asitozwe ushuru wa forodha. Ukaguzi wa afya ya mimea, hata hivyo, hauondoki, na hapo ndipo wengi huhitaji kuelezwa polepole.

Msemaji afaaye kwa baraza kama hilo ni ofisa wa forodha au mhadhiri anayefika na cheti chenyewe mkononi. Maswali hupewa muda mrefu kuliko hotuba, na lugha za wenyeji, Kidawida na Kitaveta, huruhusiwa, maana mzee huuliza kwa undani zaidi kwa lugha yake.