Nenda na Ubao Wako: Seremala Katika Maonesho, Akiwa Mgeni au Mwenye Banda



Nimeombwa nizungumzie katika semina hii maonesho ya useremala: yanamfaa nini anayekwenda kutazama, na yanamfaa nini anayekodi banda. Nina hoja moja ambayo nitaigeuza pande mbalimbali. Maonesho ya fani yetu yana thamani pale mbao zinapokatwa mbele ya macho ya watu. Mgeni aende na ubao wake autie chini ya kisu. Mwenye banda naye afanye kazi pale pale bandani, watu wakitazama. Bila hivyo mgeni atarudi nyumbani na mfuko wa vipeperushi, na mwenye banda atashinda siku nzima akijibu swali moja tu, "Bei gani?"

Nianze mbali, Hannover nchini Ujerumani, kwenye maonesho ya LIGNA. Ni miongoni mwa maonesho makubwa zaidi duniani ya mashine na zana za mbao. Yalianza mwaka 1975 na hufanyika kila baada ya miaka miwili, katika miaka ya witiri. Mwaka 2021 watu hawakukusanyika kwa sababu ya UVIKO-19. Yakarudi mwaka 2023, kisha 2025. Waoneshaji wanazidi elfu moja, na miongoni mwao utawakuta watengenezaji ambao majina yao yamebandikwa kwenye mashine chakavu za karakana zetu: SCM na Biesse wa Italia, HOMAG na Altendorf wa Ujerumani, Felder wa Austria. Msumeno wa meza wenye kitanda kinachoteleza, ambao leo kila karakana kubwa inao, ulibuniwa na Wilhelm Altendorf mwaka 1906, na kampuni yenye jina lake hadi leo inaunda misumeno hiyo.

Kabla hujaingia ukumbi wowote, simama kwanza chini ya paa la miavuli 10 ya mbao lililojengwa kwa ajili ya maonesho ya dunia ya mwaka 2000. Kila mwavuli una upana wa takriban mita 40 kwa 40, na kimo kinachozidi mita 20. Msanifu wake ni Thomas Herzog. Nawasihi mafundi vijana watakaojaliwa kufika huko wakae pale nusu saa nzima, watazame viungo: wapi mbao zimebeba mzigo, wapi chuma kimesaidia, na maji ya mvua yameelekezwa wapi. Mashine utaziona kwenye katalogi, lakini paa lile halikunjwi likatiwa kwenye karatasi.

Ukiingia ndani, usivutwe na kelele. Tazama wanakata nini. Mara nyingi mashine ya maonesho hulishwa MDF, mbao za chipsi, au miti laini ya Ulaya iliyokaushwa tanurini na kunyooka kama rula. Hapo mashine yoyote itapendeza. Sisi tuna mvule, mti ambao ndani yake hujificha vijiwe vya chokaa vinavyong'oa meno ya msumeno. Tuna msaji, wenye mchanga wa silika unaoua makali kabla ya saa sita mchana. Tuna mkongo, ambao nyuzi zake hupishana, ukipiga randa upande mmoja unang'ara, upande wa pili unachanika. Swali la fundi wa Afrika Mashariki kwa muuza mashine linapaswa kuwa moja: ubao huu wangu utatokaje?

Ndiyo maana nasema nenda na ubao. Kipande cha urefu wa mkono mmoja kinatosha, kilichokauka, kisicho na gome, kilichopigwa randa upande mmoja ili ulinganishe. Lakini sikilizeni vizuri, maana hapa mtu anaweza kukwama uwanja wa ndege. Tangu mwaka 2023, mininga na mikongo ya Afrika imo kwenye orodha ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na mpingo umo tangu mwaka 2017. Ubao wa miti hiyo hauvuki mpaka bila kibali. Kwa safari ya nje beba msaji wa kupandwa, kama ule wa Longuza kule Muheza au wa bonde la Kilombero. Haumo kwenye orodha hiyo, na kwa ukatili wake dhidi ya visu unafaa kabisa kuipima mashine. Hata hivyo, uliza kwanza mamlaka ya afya ya mimea ya kwetu na masharti ya nchi unayokwenda, upate karatasi zako mapema.

Si kila banda litakubali kukata kipande cha mgeni. Wengine wamefungwa na taratibu za usalama. Ukikataliwa, omba jaribio kwenye ukumbi wa mtengenezaji mwenyewe, kwa kuwa wengi wanao, au mwachie wakala kipande chako na umwombe akurudishie kikiwa kimekatwa. Muuzaji anayeamini mashine yake hatakwepa ombi hilo. Kwa mbao zenye nyuzi zilizopishana, ulizia pia kichwa cha randa chenye visu vidogo vya kabaidi vilivyopangwa kwa mzunguko badala ya visu virefu viwili au vitatu. Kisu kimoja kikipoteza makali unakigeuza upande mwingine, na mchaniko unapungua sana. Bei yake ni kubwa, lakini mwenye kazi nyingi za mkongo na mvule ataona tofauti kwenye msasa anaoununua.

Jambo la umeme nalipitia haraka, ingawa limewatia watu hasara. Ujerumani wana hezi 50 kama sisi, na umeme wao wa fezi tatu unakaribiana na wetu. Marekani wana hezi 60. Mota iliyoundwa kwa hezi 60 ukiileta huku kasi yake itapungua kwa takriban sehemu moja ya sita, na volti nazo huenda zisilingane. Mtu anayenunua kwenye maonesho ya useremala ya Atlanta, huko Marekani, asome kibati cha mota kabla hajatoa hata senti.

Sasa niseme na wenzetu wanaofanya useremala kwa ridhaa, jioni na siku za mapumziko. Msidhani maonesho ni ya wenye viwanda peke yao. Huko Japani kuna mikusanyiko iitwayo Kezuroukai, ambako mafundi wa kazi na watu wa ridhaa hushindana kwa randa ya mkono: nani atatoa maranda membamba zaidi. Washindi hufika chini ya mikroni 10, wakati unywele wa kichwa una unene wa mikroni 70 hivi. Ukisikia hivyo unaweza kuuliza faida yake nini. Faida ni kwamba huwezi kutoa maranda ya namna hiyo mpaka ujue kunoa hasa, ujue kitako cha randa kimenyooka, na uusome ubao wako unataka kukatwa kutoka wapi. Mashindano kama hayo hayahitaji ukumbi wala umeme. Ubao wa paina kutoka Sao Hill, kipimio kidogo cha unene na meza imara vinatosha, na ningefurahi kuyaona kwenye maonesho yetu kabla sijazeeka.

Mtu wa ridhaa akienda kwenye maonesho ya Sabasaba ya hapa Dar es Salaam, asiende tarehe 7 Julai. Siku hiyo ni sikukuu, watu ni wengi, na mwenye banda hana nafasi ya kukueleza tofauti ya gundi mbili. Maonesho huanza tarehe 28 Juni, kwa hiyo siku za kazi asubuhi zipo. Mwendee anayeendesha mashine, si anayegawa vipeperushi, umuulize hunoa baada ya muda gani, nini huharibika kwanza, na vipuri hupatikana wapi hapa nchini. Uliza pia habari ya vumbi. Tangu mwaka 1995 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameliweka vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Anayenunua msumeno bila kufikiria mfuko wa kunyonya vumbi amenunua nusu ya mashine, na anayefanyia kazi kwenye kibaraza cha nyumbani, watoto wakiwa karibu, lazima alifikirie zaidi kuliko sisi wa karakana za Keko.

Nigeukie wenye mabanda. Mfano ninaoupenda unatoka kwenye maonesho ya Atlanta ya mwaka 2000. Steve Gass, mwanasheria wa hataza aliyesomea pia fizikia, alikuwa amebuni msumeno wa meza unaohisi mguso wa ngozi na kusimamisha kisahani chake kwa muda mfupi mno, milisekunde 5 hivi. Kwenye maonesho yale yeye na wenzake hawakutegemea mabango. Walichukua soseji wakaisukuma kwenye kisahani kinachozunguka. Kisahani kikasimama ghafla, soseji ikabaki na mkwaruzo tu. Watengenezaji wakubwa hawakukubaliana nao kuununua ubunifu ule, lakini watu walikuwa wameshaona kwa macho yao. Gass na wenzake wakaanza kuunda misumeno yao wenyewe kwa jina la SawStop, na mwaka 2004 ilikuwa sokoni.

Nasi tujiulize, soseji yetu ni ipi? Mteja wa samani hapa Dar es Salaam ana hofu anazozijua vizuri. Anahofia kuuziwa paina iliyopakwa rangi ya mninga. Anahofia kwamba kitanda kimeshikwa na misumari na gundi peke yake. Anahofia mbao mbichi, mlango utakaopinda kabla ya Krismasi. Tukimwekea kabati limepigwa vanishi mpaka linaakisi uso wake, hofu hizo hatujazigusa hata kidogo.

Kwa hiyo banda liwe na mambo yanayoweza kushikwa. Acha droo moja bila vanishi, aivute, aipindue, aone viungo vyake vimekaa vipi. Weka kiungo kimoja kilichopasuliwa katikati ili ndani yake paonekane. Weka vipande vya mninga, mkongo, msaji na paina, kila kimoja nusu kitupu bila rangi, nusu kimepakwa, na jina la mti nyuma yake. Kipima unyevu kiwe mezani, na mteja akibonyeze mwenyewe. Mwelezeni kwamba samani ndani ya nyumba ya pwani hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 au 15 hivi, na kwamba akiihamishia Dodoma wakati wa kiangazi huenda ukashuka karibu na 10. Meza ya paina yenye upana wa sentimita 90 inaweza kusinyaa milimita kadhaa kwa safari hiyo. Fundi aliyefunga uso wa meza kwa namna inayouachia ubao nafasi ya kucheza, aoneshe pale pale chini ya meza alivyofunga. Mteja aliyeelewa jambo hilo hatabishana nawe kwa kulinganisha bei yako na ya barabarani.

Na fundi awe kazini. Nimeona watu wakipita mabanda ya sofa bila kugeuza shingo, kisha wakasimama mahali ambapo kijana alikuwa anachimba tundu kwa patasi. Watoto huokota maranda, wazazi huanza kuuliza, na hapo mazungumzo ya kazi huwa yameshaanza bila mtu kuitwa. Andika kwenye daftari jina, simu, na kipimo cha chumba, siyo simu peke yake. Wapigie ndani ya juma moja. Oda usiyoweza kuimaliza kwa tarehe usiipokee, hata kama mteja ana advansi mkononi, kwa sababu umati wa Sabasaba huwatia mafundi tamaa ya kuahidi vitanda ambavyo mbao zake bado hazijakauka.

Imebaki hoja moja ninayopenda tuijadili. Misumeno ya umeme ndani ya banda dogo, watoto wakipita na vumbi likiruka, ni hatari, na kuomba umeme wa fezi tatu uwanjani kunaongeza gharama. Napendekeza mafundi wa semina hii tukodi banda moja la pamoja, tufanye kazi kwa zana za mkono tu, yaani randa, patasi na msumeno wa mkono, mashine tuziache karakana. Keko haiko mbali na uwanja wa Sabasaba. Mteja anayetaka kuona mashine zikikata mbao za oda yake apelekwe siku hiyo hiyo. Waliowahi kukodi banda kwenye uwanja huo wa Barabara ya Kilwa naomba wawe wa kwanza kuchangia, hasa kuhusu nani atakaa bandani siku zote hizo na oda zitakazopatikana tutazigawana kwa utaratibu gani.