Siku Yenye Mpango: Mtoto Mwenye Mahitaji Maalum Katika Chekechea

Leo tunazungumza nawe mama, baba, nyanya, shangazi au yaya unayemlea mtoto mwenye ulemavu wa akili, usonji au mtindio wa ubongo, na ambaye sasa amefikia umri wa kwenda chekechea.

Wazazi wengi huuliza, "Mwanangu hasemi wala hashiki penseli. Akienda shule atafanya nini?" Wengine hufungua daftari la mtoto, wakiona halina kitu humbakiza nyumbani, eti hasomi. Mama, katika darasa hili somo la kwanza haliko kwenye daftari. Somo ni siku yenyewe: kufika, kucheza, kula, kwenda chooni, kupumzika na kurudi nyumbani, kwa mpangilio ule ule kila siku.

Hebu tuifuate siku hiyo. Saa hutofautiana kutoka shule moja hadi nyingine, lakini mpangilio hufanana.

Asubuhi mwalimu humpokea mtoto kwa jina lake, akichutama ili macho yao yakutane. Mtoto hutundika mkoba wake mahali palipowekwa picha yake. Kisha wote hukaa duara na kuimba wimbo ule ule wa salamu. Ukutani kuna ratiba ya picha: mpira ni kucheza, kikombe ni uji, choo ni kwenda haja, mkeka ni kupumzika. Shughuli ikiisha, picha yake huondolewa. Mtoto asiyeona vizuri, au ambaye bado haelewi picha, hupewa kitu chenyewe mkononi. Akishikishwa kikombe kitupu, anajua uji uko njiani.

Hufuata kazi fupi za dakika chache: kupanga vifuniko vya chupa kwa rangi, kutunga shanga kubwa, kukamua kitambaa chenye maji. Usidhani ni mchezo wa kupoteza wakati. Vidole vinavyokamua kitambaa leo ndivyo vitakavyofunga kifungo kesho.

Saa ya uji ni somo kubwa, na ni jambo la afya pia. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hupaliwa kwa urahisi, na chakula kikiingia njia ya hewa kinaweza kumletea ugonjwa wa mapafu. Kwa hiyo huketishwa wima, mgongo na miguu ikiwa imeegemezwa, kichwa kikiwa sawa na kidevu kimeinama kidogo. Anayemlisha huketi mbele yake, si kumsimamia. Hutumia kijiko kidogo, hutia kiasi kidogo, na hungoja ameze kabla ya kuongeza. Kamwe mtoto halishwi akiwa amelala au kichwa kikiwa kimerudishwa nyuma. Baada ya kula hukaa wima kama nusu saa. Akikohoa au kupaliwa kila anapokula, mpeleke hospitali.

Baada ya uji ni choo. Tumbo likipata chakula, matumbo huanza kusukuma, na ndiyo sababu saa hiyo ni nzuri. Mtoto huketi dakika chache, miguu ikiwa imekanyaga chini. Akifanikiwa husifiwa, asipofanikiwa huinuka bila kukaripiwa. Ili ajifunze kuvaa suruali, mwalimu humsaidia kuipandisha hadi karibu na kiuno, kisha humwachia sehemu ya mwisho. Akiiweza hiyo, huachiwa zaidi. Hivyo kila mara mtoto humaliza kazi kwa ushindi, na mwisho hunawa mikono kwa sabuni.

Kwa nini mpangilio huu una nguvu? Mtoto asiyeelewa maneno mengi hajui kinachofuata. Kuondolewa ghafla kwenye mchezo humtia hofu, na hofu hiyo hutoka kwa kilio, kuuma au kujigonga kichwa. Watu husema ana utundu. Lakini akisikia wimbo ule ule na kuona picha ile ile, hujiandaa.

Sasa tuje nyumbani, kwa maana hapa ndipo kazi ya mwaka mzima inaweza kupotea. Mtoto ameanza kuomba choo kwa kuonyesha picha. Likizo ikifika anavalishwa nepi kutwa kwa sababu ni rahisi, na nyumbani hakuna anayeijua picha ile. Shule ikifunguliwa, anaanza upya. Si kosa la mtoto.

Fanya mambo haya manne.

Kwanza, muulize mwalimu ratiba ya darasa na ishara zinazotumika. Kata vipande vya katoni, chora kikombe, karai, choo na kitanda, uvitundike kwa vibanio vya nguo mahali anapoviona. Usijaribu siku nzima. Anza na asubuhi: kuamka, choo, kunawa, chai.

Pili, wote nyumbani wafanye namna moja. Mama akimwachia mtoto ajilishe, na nyanya akamlisha kwa huruma, mtoto atachanganyikiwa. Kaa na nyanya umweleze kwa upole kwamba kumwagika kwa uji ni sehemu ya kujifunza.

Tatu, weka daftari dogo la kwenda na kurudi shuleni. Andika alivyolala, alivyokula, kama amepata choo, na dawa aliyomeza. Kama ana kifafa, mwalimu lazima ajue, na dawa isikatizwe hata akikaa miezi bila kuanguka, mpaka daktari aseme. Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimshike kwa nguvu wala kumtia kijiko au kitu chochote mdomoni. Degedege likipita dakika tano, au likirudi kabla hajapata fahamu, mkimbize hospitali.

Nne, amua pamoja na mwalimu ni nani anayemsaidia mtoto chooni, shuleni na nyumbani. Mfundishe mtoto kwamba ni watu hao tu. Mtoto asiyeweza kusimulia yaliyompata anahitaji ulinzi zaidi. Akibadilika ghafla, akaanza kuogopa choo au mtu fulani, usipuuze.

Labda unasema, "Sijui pa kuanzia." Nenda katika kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, kinachojulikana kama EARC. Vituo hivi vilianzishwa nchini Kenya mwaka wa 1984, na vipo katika kaunti mbalimbali. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu nawe au ofisi ya elimu itakuelekeza. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto na karatasi zozote za hospitali. Na usione haya: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inampa kila mtoto haki ya elimu, na mwanao ni mmoja wao.

Kumbuka basi: mpangilio ule ule, ishara zile zile, hatua ndogo, na sifa kila anapojaribu. Huenda ikachukua majuma, huenda ikachukua miezi. Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto anayejilisha na kwenda chooni mwenyewe hupata heshima yake, nawe mama hupata nafasi ya kwenda shambani, sokoni au kazini bila wasiwasi. Jioni ya leo, kabla ya kulala, chagua jambo moja tu la kufanya kwa namna ile ile kesho na keshokutwa.